Je, Kusahau ni Kosa?

Si vigumu kumhukumu mtu aliyekusudia mabaya. Mwizi tunamjua, na mtu anayemchongea jirani yake tunamjua pia; wote wawili tunawaonya bila kusitasita, maana walijua wanalolitenda. Ugumu unakuja kwa mtu ambaye hakukusudia baya lo lote. Alifanya kazi yake kwa bidii, akaimaliza, akaifurahia; na kwa kazi ile ile watu fulani wakafungiwa nje, wala yeye hakuwa na habari nao. Ukimwuliza atakujibu kwa moyo mweupe: "Sikuwachukia. Sikuwakumbuka tu." Je, mtu huyu ana kosa? Na kama analo, ni kosa la namna gani?

Swali hili ni la zamani, lakini siku hizi limepata mahali papya pa kutujia. Mambo mengi ambayo zamani tuliyafuata dirishani kwa karani yamehamia kwenye intaneti: matokeo ya mitihani, maombi ya vyuo na ya kazi, mikopo ya masomo, tiketi za safari, malipo ya maji na umeme. Tovuti imekuwa ofisi, na ukurasa wake wa kwanza ndio mlango. Wako ndugu zetu ambao mlango huo haufunguki kwao: wasioona, viziwi, na wale ambao mikono yao haiwezi kushika kipanya wala kugusa kioo cha simu. Hapa nitasema zaidi habari za wasioona, kwa sababu kisa ninachotaka tukitazame ni chao, na kwa sababu watu wengi huuliza tangu mwanzo: Kipofu anasomaje kompyuta?

Anasoma vizuri kabisa. Ndani ya kompyuta, au hata ndani ya simu, huwekwa programu ya kusoma skrini. Programu hiyo haiutazami ukurasa kama jicho linavyoutazama. Hupitia maandishi yaliyo nyuma ya ukurasa, ikayatamka kwa sauti, au ikayapeleka kwenye kifaa chenye vijiti vidogo vinavyopanda na kushuka na kufanya nukta nundu, ambazo msomaji huzipapasa kwa vidole, mstari kwa mstari. Mtu aliyezoea husikiliza kwa mwendo wa kasi ambao wewe na mimi tusingeambulia neno. Lakini programu husoma kile tu kilichoandikwa. Ikikuta picha, na aliyetengeneza ukurasa hakuandika maneno ya kuieleza, itasema "picha" na kupita, au itasoma jina la faili, yaani mchanganyiko wa herufi na tarakimu usio na maana. Ikikuta kitufe kisicho na jina itasema "kitufe". Kitufe cha nini? Cha kulipa, au cha kufuta? Hakuna wa kujibu. Ikikuta jedwali ambalo vichwa vya safu havikuunganishwa na tarakimu zake, itamwaga tarakimu moja baada ya moja kama mahindi yanayomwagika kutoka kwenye gunia lililotoboka, na msomaji asijue ipi ni ya nani.

Basi twende Sydney, Australia, mji ulioandaa Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2000. Kamati ya maandalizi ilikuwa na tovuti kubwa, iliyojengwa na kampuni ya IBM, na mwananchi aliweza kusoma humo ratiba, habari za kila mchezo, na baadaye matokeo. Bwana Bruce Maguire, aliyezaliwa kipofu na ambaye alitumia kompyuta kwa kifaa cha nukta nundu cha namna niliyoieleza, hakuweza. Tarehe 7 Juni 1999 alipeleka malalamiko yake kwenye tume ya haki za binadamu ya nchi ile, chini ya sheria ya mwaka 1992 inayokataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu. Alilalamika kwamba kitabu cha kuagizia tiketi hakikutolewa kwa nukta nundu, na juu ya tovuti aliomba mambo matatu: picha zote ziwe na maneno ya kuzieleza, mtu aweze kuifikia orodha ya michezo kutoka kwenye ukurasa wa ratiba, na majedwali ya matokeo yasomeke.

Kamati haikusema, "Hatuwataki vipofu." Sidhani kama alikuwako mtu mmoja kati yao aliyefikiri hivyo. Ilisema kwamba kazi hiyo ingekuwa mzigo usio wa haki kwake. Juu ya orodha ya michezo, ilijibu kwamba mlalamikaji angeweza kuandika mwenyewe anwani ya ukurasa wa kila mchezo. Juu ya majedwali, ilisema ziko sampuli 1,295 za kurekebishwa, na kwamba mtu mmoja akifanya kazi saa nane kwa siku atahitaji siku 368. Gharama, pamoja na mitambo ya ziada, ikatajwa kuwa zaidi ya dola milioni 2 za Australia. Wataalamu wawili walioitwa kutoa ushahidi, Jutta Treviranus wa Toronto, Kanada, na Tom Worthington wa Australia, walikataa hesabu hiyo. Walionyesha kwamba kazi ni ndogo kuliko ilivyosemwa. Treviranus alikadiria kwamba fundi mmoja mzoefu na wasaidizi kati ya watano na kumi wangeimaliza kwa majuma manne hivi.

Tarehe 24 Agosti 2000, Kamishna William Carter alitoa hukumu: Bwana Maguire amebaguliwa. Kamati ikaamriwa itengeneze tovuti kabla ya tarehe 15 Septemba, siku ya ufunguzi wa Michezo. Haikutimiza yote. Mwezi wa Novemba, wanariadha wakiwa wamekwisha kurudi makwao, ikaamriwa imlipe dola 20,000.

Sikukitaja kisa hiki kwa ajili ya sheria. Nimekitaja kwa sababu ndani yake tunaona jinsi kusahau kunavyokua kukawa jambo jingine.

Tuanze na neno la kwanza la mtu aliyesahau: "Sikujua." Ni neno lenye uzito, wala si haki kulidharau. Aristotle, mwanafalsafa wa Wayunani, aliliwazia sana katika kitabu chake cha Maadili, akakubali kwamba mtu hulaumiwa kwa lile tu alilolitenda kwa hiari, na kwamba kutokujua huondoa hiari. Lakini aliongeza jambo. Watunga sheria, alisema, humwadhibu mtu hata kwa kutokujua kwenyewe, ikiwa kutokujua huko kumetoka kwake. Na mfano wake ni mlevi, ambaye katika miji fulani alipewa adhabu maradufu, kwa kuwa alikuwa na uwezo wa kutolewa. Yaani swali si kwamba ulijua au hukujua. Swali ni kwamba, je, kujua kulikuwa ndani ya uwezo wako?

Kwa kamati ya Sydney kulikuwa ndani ya uwezo. Tangu Desemba 1997 kanuni za lugha ambayo kurasa hizi huandikwa zilidai kwamba kila picha iandikiwe maelezo. Tarehe 5 Mei 1999, mwezi mmoja kabla ya Bwana Maguire kulalamika, chama kinachotunza kanuni za mtandao, kinachoongozwa wakati ule na Tim Berners-Lee mwenyewe, Mwingereza aliyeubuni mtandao huo, kilitoa mwongozo kamili wa namna ya kuwafungulia mlango watu wenye ulemavu. Haukuwa siri. Uliwekwa hadharani, bila malipo, mahali pale pale ambapo mafundi wa kurasa hutafuta maarifa yao mengine yote.

Hata hivyo sidhani kwamba kiini cha jambo ni mwongozo. Tuseme mwongozo usingekuwako. Bado tungeuliza: ilikuwaje kundi la watu wenye akili, waliokaa miezi mingi wakifikiria rangi ya kila pembe ya ukurasa, lisiulize hata mara moja, "Na asiyeona je?" Hapo nitasema kwa mfano wa jambo tunalolijua sana hapa kwetu Tanzania.

Mkristo akifanya harusi, au akiwa na msiba, na ng'ombe au mbuzi wakaletwa, kabla ya moto kuwashwa huitwa Mwislamu achinje. Hufanyika hivyo hata mahali ambapo nyumba za Waislamu ni tatu au nne. Hakuna sheria ya Bunge iliyoagiza, wala hakuna anayeona kwamba ametenda ukarimu wa ajabu. Ni desturi tu: watu hawa ni jirani zetu, watakuja, na watakula. Hakuna gharama pia, maana ng'ombe angechinjwa vyo vyote vile. Lililohitajika ni kukumbuka kabla ya kisu.

Sasa tuseme mwenye shughuli mmoja amesahau. Nyama imeiva, sinia zimepangwa, Mzee Mwislamu wa nyumba ya pili amefika na kanzu yake safi, na ndipo mtu anapokumbuka. Watahangaika. Mmoja atasema mzee akaangiwe mayai, mwingine atasema apewe fedha akanunue chakula chake. Mzee kwa adabu yake atasema haidhuru, amekwisha kula nyumbani. Je, amekosa nini? Kipande cha nyama? La. Amekosa kuwako. Amejua kwamba wakati watu wa nyumba ile walipokuwa wakihesabu wageni wao, yeye hakuhesabiwa. Mayai hayawezi kulitengeneza hilo, hata yakiwa kumi.

Nadhani hapo ndipo kosa lilipo. Kusahau jina la mtu au siku ya mkutano ni udhaifu wa kichwa tu, na kichwa cha kila mtu kinavuja. Lakini kuna kusahau kunakoonyesha ni nani tuliyemtarajia. Aliyejenga ukurasa alikuwa na wageni akilini mwake, maana mtu hawezi kujenga cho chote bila kuwaza atakayekitumia. Na wageni wale wote walikuwa na macho. Hakumfukuza asiyeona. Hakumwalika tangu mwanzo. Ndiyo maana jibu la "sikukusudia" halimtoshi aliyesahauliwa, kwa kuwa hilo ndilo analolalamikia: kwamba hakuwamo katika kusudio.

Mfano wa ng'ombe unatufunulia pia habari ya gharama. Kukumbuka kabla ya kisu hakugharimu kitu. Kukumbuka baada ya kisu kunahitaji ng'ombe wa pili. Fundi anayeandika maelezo ya picha wakati anaiweka picha hutumia dakika moja. Yule anayesubiri mpaka picha zimekuwa elfu kumi, ameshitakiwa, na michezo inafunguliwa baada ya majuma matatu, kweli ana kazi kubwa mbele yake. Basi zile siku 368, hata kama hesabu yake ingekuwa sahihi, zilikuwa bei ya nini? Si bei ya kumkaribisha kipofu. Zilikuwa bei ya kuchelewa kumkaribisha. Mtu akilimbikiza deni kwa uzembe wake mwenyewe, ni ajabu akimwonyesha mdai ukubwa wa deni kama sababu ya kutolipa.

Tena, angalia wakati. Mpaka Juni 1999 kamati ingeweza kusema imesahau. Baada ya barua ile kufika, neno "kusahau" halikufaa tena. Ilipita miezi kumi na minne mpaka hukumu, ikatumika kubishana. Mtu aliyeambiwa na bado hafanyi hajasahau, amechagua. Naona jambo hili litufikirishe zaidi kuliko lile la kwanza, maana wengi wetu ni wapole sana kabla ya kuambiwa.

Labda msomaji mwingine atasema: "Haya yote ni makubwa kuliko yanavyostahili. Kwa nini asisomewe? Ana mke, ana watoto, ana jirani mwema." Hoja hii nimeisikia mara nyingi, tena kutoka kwa watu wenye huruma ya kweli, kwa hiyo inafaa kujibiwa kwa uangalifu. Kumsomea mtu ni tendo jema. Lakini fikiri mambo ambayo mtu huyasoma: salio lake la benki, majibu ya vipimo vya hospitali, maombi ya kazi mpya ambayo hataki bosi wa sasa ayajue. Katika kutuma fedha kwa simu kuna namba ya siri; ikiwa asiyeona lazima aitamke kwa mtoto wa jirani ili amwandikie, si ya siri tena. Tena anayekusomea huchagua. Hata akiwa na upendo, atasema, "Hapa ni masharti tu," akaruka kurasa mbili, na huenda jambo lililokuhusu lilikuwa humo.

Na liko jambo jingine, ambalo kisa cha Sydney kinalionyesha kuliko visa vyenye huzuni zaidi. Bwana Maguire hakuomba mkate wala dawa. Aliomba matokeo ya michezo. Wako waliofikiri kwamba hayo ni mambo ya anasa, na kwamba haki haipaswi kusumbuliwa kwa ajili ya kuogelea na kuruka juu. Mimi naona kinyume. Mtu mwenye shida kubwa atapata wa kumsomea, maana shida huamsha huruma. Lakini nani atakaa saa mbili akikusomea majedwali kwa sababu tu unapenda kujua nani alikuwa wa saba? Mtu anayesomewa hana nafasi ya kusoma jambo lisilo na maana. Kila anapotaka kusoma lazima kwanza apime kama jambo lenyewe linastahili kumsumbua mwenzake, na mara nyingi ataona halistahili, atanyamaza. Tarehe 25 Septemba 2000, Cathy Freeman aliposhinda mbio za mita 400, nchi nzima ya Australia ilikuwa na neno moja mdomoni. Kutaka kuwamo katika neno hilo bila kumwomba mtu ruhusa si anasa. Ndiyo maisha ya kawaida ya mwananchi.

Watu wa zamani walilijua hili. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, iliyoanzishwa mwaka 1950 chini ya Kanisa Anglikana, ingeweza kuwapa watoto wale mtu mmoja mwenye sauti nzuri awasomee vitabu, na ingekuwa rahisi zaidi. Haikufanya hivyo. Ilifundisha vidole kusoma. (Ndiyo maana, kwa kupita, silipendi neno "wasiojiweza" ambalo bado linaonekana katika hotuba zetu. Mtu aliyefundisha vidole vyake kusoma, kisha akafika kwenye ukurasa uliojengwa vibaya, anajiweza. Asiyejiweza ni ukurasa.)

Sasa turudi nyumbani kabisa, tusije tukawa hodari wa kuhukumu kamati ya nchi ya mbali. Nchi yetu iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao katika kifungu chake cha 9 unaitaja intaneti kwa jina, na mwaka 2010 Bunge likapitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Lakini tazama tangazo linavyosafiri kwetu. Katibu anaandika barua kwa kompyuta. Wakati huo ni maandishi, na asiyeona angeweza kuyasoma. Kisha barua inachapwa kwenye karatasi, inatiwa sahihi na mhuri, inawekwa juu ya meza, inapigwa picha kwa simu kidogo kwa upande, na picha inatumwa kwa WhatsApp katika makundi yote. Sasa si maandishi tena. Kwa mwenzetu anayetumia programu ya kusoma skrini, tangazo la nafasi za kazi, la chanjo, la kukatika maji, hata la mkutano wa mtaa wetu, limekuwa neno moja: "picha". Siku hizi ziko programu zinazojaribu kuyavuta maneno kutoka ndani ya picha, na zinasaidia. Lakini kivuli cha mkono, karatasi iliyopinda, na mhuri uliopigwa juu ya tarehe huzishinda. Na tarehe ndiyo aliyoitaka.

Angalia kwamba katika safari hiyo yote hakuna aliyejenga kitu kigumu. Maneno yalikuwako, tukayaondoa. Kuyabandika tena chini ya picha, kutoka kwenye kompyuta ile ile yalikoandikiwa, ni kazi isiyofika dakika mbili. Kwa hiyo hoja ya umaskini, ambayo kwetu hutumika upesi sana, hapa haina mguu wa kusimamia.

Sisemi kwamba mzigo ni sawa kwa wote. Kijana anayetengeneza ukurasa wa timu ya mpira ya kijiji kwa usiku wake mwenyewe, bila kulipwa, hawezi kudaiwa kama inavyodaiwa idara inayokusanya kodi au benki inayotoza ada kwa kila muamala. Tena yapo mambo yaliyo magumu kweli. Ramani haigeuki kuwa maneno kwa urahisi. Filamu ya saa moja inahitaji kuandikiwa maneno yake yote ili kiziwi aifuate, na hiyo si kazi ya dakika mbili. Aliyejaribu akashindwa sehemu yuko mahali pengine kabisa na yule ambaye wazo halikumjia. Watu wenye ulemavu wenyewe huitambua tofauti hiyo upesi kuliko mahakama, maana kwenye ukurasa wa yule wa kwanza huona alama za mtu aliyejua kwamba watakuja.

Wengine hujitetea kwa wingi: kila mtu anafanya hivyo. Ni kweli kwamba karibu kila mtu anafanya. Shirika la WebAIM la Utah, Marekani, hupima kila mwaka kurasa za kwanza za tovuti milioni moja, na mwaka 2024 lilikuta makosa katika asilimia 95.9 ya kurasa hizo. Kosa lililoonekana mara nyingi kuliko mengine lilikuwa maandishi yenye rangi iliyo karibu mno na rangi ya nyuma yake, ambayo huwashinda hata wazee wenye macho yao mawili. Hesabu hii yaweza kutufariji kwamba hatuko peke yetu. Kwa aliye nje ya mlango haina faraja. Kwake maana yake ni kwamba akipiga hodi katika nyumba ishirini, kumi na tisa zina kasoro mlangoni.

Jambo moja zaidi, kwa wale vijana wetu wanaotengeneza kurasa, maana linawahusu hasa wanaoandika Kiswahili. Mwaka 2006 Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, alianza kutengeneza programu ya kusoma skrini iitwayo NVDA, baadaye akishirikiana na James Teh, naye asiyeona. Inatolewa bure, na chombo cha sauti kinachokuja nayo kinajua kutamka Kiswahili. Lakini programu haiwezi kukisia. Huutegemea ukurasa utaje lugha yake. Kurasa nyingi za Kiswahili zimenakiliwa kutoka sampuli za kigeni, na mwanzoni kabisa, mahali pasipoonekana kwa macho, bado zimeandikwa kwamba lugha yake ni Kiingereza. Programu ikiamini hivyo husoma Kiswahili chetu kwa matamshi ya Kiingereza, na msikilizaji huambulia kelele. Katika mstari huo wa mwanzo, pale palipoandikwa "en", paandikwe herufi mbili nyingine: s na w.